Mutu wa dawa ya kunguni: umuulize mbele ya kumufungulia mulango

Wandugu wafanyakazi, na ninyi mama zetu mu nyumba, leo sitaandika juu ya mushahara wala juu ya prime. Tutarudia pale siku ingine. Leo nataka tuongee juu ya ule mutu mwenye kubeba pompi ku mugongo, mwenye kupita mu avenyi zetu na kupaza sauti: "Dawa ya kunguni, dawa ya mende, dawa ya panya!" Tunamuita, anaingia mupaka mu chumba fasi tunalala na watoto, anapuliza, tunamulipa, anaenda. Hatumuulize hata jina yake. Mimi pia sikumuuliza. Na ilibakia kidogo tu nipoteze mutoto.

Ilikuwa mu mwezi ya sita, wakati ya baridi. Tunakaa hapa Likasi, mu siti moja ya zamani, mu nyumba ya mapacha: ukuta moja, familia mbili. Wenye walikomalia mu zile siti wanazijua. Tangu mwezi ya ine kunguni waliingia mu kitanda ya watoto. Watoto wanajikuna usiku muzima, ku masomo wanasinzia, mwalimu anawapigia kelele. Bibi yangu alimwanga maji ya moto, alianika matela ku jua, kunguni wakarudia. Siku moja aliniambia: "Papa, tafuta mutu wa dawa, juu mimi nimechoka."

Mutu mumoja wa avenyi yetu akatuonyesha kijana. Akafika na pompi ya plastiki, kandambili ku miguu, mikono mitupu, bila maski. Akaomba dola 15 kwa vyumba mbili. Tukabishana, akaitika 10. Mimi nilikuwa nimetoka ku kazi ya usiku, macho ilikuwa inafunga yenyewe. Nilimuuliza swali moja tu: "Dawa yako iko nguvu?" Akajibu: "Papa, iko nguvu sana. Hata kunguni moja hatabakia." Nikafurahi kusikia vile.

Alipuliza mu chumba. Kisha akatosha mu mufuko vidonge ya rangi ya majivu, akazifunga mu vipande ya karatasi, akaziweka chini ya matela na pembeni ya ukuta. Akasema: "Mufunge mulango na madirisha mupaka kesho. Dawa itatumika yenyewe." Akakamata franga yake, akaenda. Siye tukalala mu salo, watu sita, madirisha yote imefungwa juu ya baridi.

Karibu saa nane ya usiku, binti yangu wa miaka saba akaanza kutapika. Alisema kifua inamubana. Mimi nikafikiri ni malaria. Wakati niliamuka kutafuta maji, nikasikia harufu: sawa kitunguu saumu, sawa samaki ya kuoza. Ile harufu niliijua, lakini haikuwa harufu ya mu nyumba. Ilikuwa ya ku atelye, fasi wasuderi wanatia maji ku karbire. Pale njo akili yangu ilifunguka. Nikapiga kelele, tukatosha watoto inje mu baridi na mablanketi, nikakimbia kugonga ku jirani. Ngambo ya ukuta, mutoto wake wa miaka ine alikuwa anatapika pia. Wao hawakuita mutu yeyote wa dawa. Hawakujua hata kama siye tulimuita.

Ku hospitali docteur aliniuliza: "Walitumia dawa gani?" Sikuwa na jibu. Akauliza tena: "Karatasi yake iko wapi? Kopo yake?" Hakukuwa karatasi, hakukuwa kopo. Nilimuonyesha rangi ya kidonge na mikono, sawa bubu.

Wandugu, mimi ni delege wa sindika. Ni miaka 11 niko mu komite ya sekirite na usafi ku kazi. Ku izini, kama pipa inafika bila etiketi, mimi njo nasimamisha watu: hakuna mutu anagusa mupaka tujue mule ndani muko nini. Kama kijana anakaribia asidi bila maganti, namurudisha nyuma, hata shefu akasirike. Na mu nyumba yangu mwenyewe nilifungulia mutu mulango, nikabishana naye bei, nikalala pembeni ya sumu bila kuuliza jina yake.

Watoto wote wawili walipona. Wetu alilala ku hospitali siku mbili, wa jirani siku ine. Jirani hakunisemesha mwezi muzima. Alikuwa na haki.

ZILE VIDONGE NI NINI?

Kisha nilitafuta kujua, na naandika hapa ili mutu asijifunze sawa mimi. Namna nilifasiria rangi, harufu na kazi yake, docteur alisema ni fosfiri ya aluminiamu. Ile dawa inatengenezwa juu ya kulinda mahindi mu depo, fasi mutu halale, na wenye kuitumia wanapashwa kufundishwa. Kidonge ikikutana na unyevu ya hewa, inatosha gazi inaitwa fosfini. Wasuderi wataelewa mbio: ni sawa karbire na maji. Hata ile harufu mubaya ya karbire, kwa sehemu kubwa inatoka ku fosfini kidogo yenye iko inachanganyika na gazi ya kusudia.

Ile gazi ni nzito kidogo kupita hewa. Inatambaa, inapita chini ya mulango, mu nyufa ya ukuta, mu plafo, inaenda ku jirani. Na hakuna dawa ya kuishinda ndani ya mwili. Docteur anasaidia tu mutu apumue na moyo iendelee kupiga. Kwa hiyo usiitike zile vidonge zitiwe mu nyumba ya watu: hapana mu chumba, hapana mu plafo, hapana mu shimo ya panya pembeni ya ukuta. Mutu akikuambia "tutafunga muzuri", umujibu kama ukuta yako iko na nyufa na ngambo yake kuko mutoto.

Na vidonge haiko peke yake. Ku soko wanauzisha maji fulani mu vichupa vidogo, mara ingine mu chupa ya soda, bila etiketi. Mingi iko na diklorvosi, yenye watu wanaita DDVP. Ni sumu ya mishipa. Mutu mwenye kuivuta sana ao kuimwangikia ku ngozi anatoka mate na jasho, mboni ya macho inakuwa ndogo, anatapika, anahara, nyama ya mwili inatetemeka, pumzi inakuwa nguvu. Kwa ile, docteur iko na dawa, lakini anapashwa kujua mbio ni nini mutoto alipata. Tunarudia palepale: jina.

KIJANA WA POMPI

Kisha wiki mbili nilienda kumutafuta ule kijana. Naongea kweli: nilienda na hasira, na ndugu yangu mumoja alinisindikiza juu ya kupiga. Tulimukuta mu lupango ya mama yake, analala ku mukeka, macho mwekundu, anakohoa. Kumbe pompi haikuwa yake. Iko patroni anamupatia pompi na dawa kila asubui, na jioni anamurudishia franga. Ku dola 10 yetu, yeye alibakia na 3. Nilimuuliza: "Walikufasiria ile kidonge ni nini?" Akasema: "Papa, walisema tu ni ya nguvu."

Hasira ilibadilisha njia. Ule kijana ni mutumishi. Hana kontra, hana maganti, hana maski, hana hospitali, na hakuna mutu alimusomea etiketi. Ni sawa kabisa vijana wa sutretansi wenye tunaona wanatumwa ku kazi ya hatari bila kitu. Tunapigana juu ya wale, na huyu tunamuita ku nyumba na kumubishania bei ili ashuke. Wakati tunachagua mwenye kuuzisha bei ya chini kabisa, tunachagua pia mwenye hakuvalisha mutumishi wake. Ni franga ya maski na ya etiketi njo tulitosha mu bei.

Juu ya ile, chunguza alama moja, haina haja ya masomo mingi. Mutu akikuja kupuliza bila maski, bila maganti, bila bote, kuko mambo mbili tu. Ao hajue dawa yake, ao mu pompi hamuna dawa. Katika yote mbili, usimulipe.

MASWALI YA KUULIZA MULANGONI

Kisha ile hatari, siye watu wa avenyi tulikaa pamoja, tukaita watu watatu wa dawa, mumoja kisha mwingine, tukawauliza maswali yaleyale. Wawili walikasirika. Mumoja alijibu, na ni yeye tulipatia kazi. Maswali njo hii:

1. Wewe ni nani, na tutakupata wapi kesho? Mwenye kufanya kazi ya kweli iko na jina ya kampuni, fasi anakaa, namba ya RCCM yenye kuonyesha kama aliandikisha biashara yake. Ile namba haionyeshe kama anajua kazi, lakini inaonyesha kama hafichike. Muombe pia nyumba mbili fasi alishatumika, uende kuuliza wenyewe. Namba ya telefone peke yake haitoshe. Yetu ilizimwa kesho yake.

2. Unaona nini mu nyumba yangu? Fundi anaangalia mbele ya kusema bei. Ule tuliitika alikuja na torshi, akainua matela, akaangalia mu mbao ya kitanda, mu mikunjo, nyuma ya picha ya ukuta. Alituonyesha kama nyumba moja haikuwa na kunguni, ilikuwa na viroboto ya imbwa. Mwenye kutaja bei ku telefone bila kuona, anauzisha maji ya pompi tu.

3. Dawa inaitwa namna gani? Unataka kuona kopo yenye haijafunguliwa, na etiketi: jina ya dawa yenyewe, si jina ya biashara tu, nguvu yake, tarehe, na namna ya kuichanganya na maji. Mingi yenye inatumika mu nyumba ni ya familia ya piretroidi: deltametrini, sipermetrini, permetrini. Hatari yake kwa mutu ni kidogo kupita ile nyingine, lakini inaua samaki na inaweza kuua paka, kwa hiyo hata ile inaomba akili. Achanganye mbele ya macho yako. Piga etiketi foto na telefone. Ile foto njo jibu yenye mimi sikuwa nayo ku hospitali.

4. Nani anakaa humu? Hii ni swali yenye yeye anapashwa kukuuliza. Kuko mimba? Kuko mutoto wa kunyonya? Kuko mwenye asima, ao muzee mwenye mapafu ilichoka na mavumbi ya mine? Kuko kuku, imbwa, paka? Jirani anajua? Kama haulize hata moja, anapuliza kuta, hajue kama mule munaishi watu.

5. Tutarudia ndani saa ngapi, na tufanye nini? Akuambie saa, na akuambie kufungula madirisha, hapana kuyafunga mupaka kesho na watu ndani. Bunga, masufuria, maji ya kunywa, vikombe, nguo ya mutoto, yote inatoka ao inafunikwa mbele ya kuanza. Mbabula inazimwa.

6. Utarudia siku gani? Kwa kunguni, hii ni swali ya kumupima mutu. Mayai ya kunguni inapasuka kisha wiki moja ao mbili, na dawa mingi haiuwe mayai. Kwa hiyo mara moja haitoshe: fundi anarudia karibu kisha wiki mbili. Mwenye kuapa kama mara moja itamaliza yote, anadanganya ao hajue. Na mwenye kusema ataongeza dawa mara mbili ili ipate nguvu, umukatalie. Mu inchi mingi kunguni walishazoea zile piretroidi. Kuongeza kipimo kunasumbua watoto kupita kunguni.

7. Utaniandikia? Karatasi moja inatosha: tarehe, vyumba gani, dawa gani, franga ngapi, siku ya kurudia, na jina na alama ya mukono. Lipa sehemu moja leo, sehemu ingine kisha mara ya pili.

Kwa panya, ongeza swali ya munane: sumu utaitia wapi? Sumu mingi ya panya inafanya damu isigande, na panya anakufa kisha siku kadhaa. Mutoto akikula zile punje ya rangi, hautaona kitu siku ya kwanza, na njo hatari. Fundi anaitia mu sanduku yenye kufungwa, fasi mukono ya mutoto haifike, anahesabia ngapi ametia, na anarudia kuokota yenye imebakia na panya wenye kufa. Punje ya kutupwa chini ya kitanda, hapana.

"ILE NI MAMBO YA WAMAMA"

Wakati nilileta hii mambo mu mukutano ya sindika, ndugu wamoja walicheka. Walisema: "Delege, siye tunapigania prime, wewe unaleta kunguni. Ile ni mambo ya wamama." Niliwajibu hivi, na ninarudilia hapa.

Mutu mwenye hakulala anaendesha kamyo ya tani mingi sana asubui. Mutu mwenye binti yake iko ku hospitali anasimama mbele ya mashine na akili iko fasi ingine. Hatari ya nyumba inapita barriere ya kampuni pamoja na mutumishi, na hakuna mulinzi anaweza kuisaka mu mufuko. Na kama ni mambo ya wamama, basi njo vizuri zaidi sindika iwasikilize wamama, juu wao njo wanabakia mu ile chumba siku muzima.

Wazee wetu wanahadisia wakati kampuni ilikuwa inashugulikia siti: nyumba, maji, hospitali, masomo. Sitasema yote ilikuwa muzuri. Mutumishi alikuwa anachungwa sawa mutoto. Lakini tangu watumishi zaidi ya 10 000 wa Gécamines walitoka na departs volontaires mu 2003 na 2004, na kampuni mupya zikakuja, familia mingi zilibakia peke yake na nyumba ya zamani, nyufa yake, na wadudu wake. Kampuni mupya nyingi inalipa franga ya nyumba na kumaliza pale.

Sheria inasema nini? Kode ya kazi, sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 mwezi ya 10 mwaka 2002, inaomba patroni ashugulikie matunzo ya mutumishi na familia yake wakati ya ugonjwa, na nyumba ao franga ya nyumba. Komite ya sekirite na usafi, kazi yake ni fasi ya kazi, na sitadanganya kama sheria inaituma mu chumba yako ya kulala. Lakini angalia hesabu. Siku binti yangu alilala ku hospitali, nani alilipa? Kampuni. Kampuni ileile iko na kontra na watu wa kupuliza biro na kantini yake, watu wenye maski, wenye karatasi, wenye kurudia kila wakati. Wale watu wako mu muji wetu. Tunaomba kitu kidogo: kampuni itupatie majina yao na bei yao, na ikubali tulipe kidogo kidogo ku mushahara. Haitapoteza kitu, na itapunguza faktire ya hospitali.

Na wakati tunangoja jibu, tusikae mikono mitupu. Siye tulifanya likelemba ya nyumba sita zenye kufuatana. Nyumba moja peke yake ni kazi bure: unapuliza kwako, kunguni wanapita mu ukuta, wanangoja kwa jirani, wanarudia. Nyumba sita pamoja zilipata bei yenye kila familia iliweza: dola 18, mara mbili ya kupuliza ndani, nusu mbele na nusu kisha. Ni kupita zile 10 nililipa mimi. Lakini ile 10, ukiongeza siku sita ya hospitali ya watoto wawili, ilikuwa ni bei kubwa kabisa mu avenyi yetu.

YENYE UNAWEZA KUFANYA BILA SUMU

Wengine watasema: basi nitanunua mwenyewe ku soko na kupuliza. Hapana. Ni kosa ileile, tofauti ni kama pompi iko mu mukono yako. Lakini kuko kazi mingi yenye haiombe sumu, na bila ile kazi hata fundi muzuri atashindwa.

Kwa kunguni: fua mashuka na maji ya moto sana, pitisha feri ku mishono ya matela, mwanga maji ya kuchemuka mu mbao ya kitanda, sukuma kitanda mbali na ukuta, ziba nyufa na simenti. Usinunue matela ya okazyo bila kuiangalia mu jua. Kwa mende na panya: bunga mu ndoo yenye kufunikwa, masufuria isilale chafu, takataka mbali na mulango, shimo zizibwe na simenti na vipande ya chuma. Kwa muchwa, watu wa Katanga tunajua: usiegemeze mbao ku ukuta, na usiache udongo ipande mupaka ku mbao ya mulango.

Na kama mambo mubaya inafika: tosha watu wote inje ku hewa, na gonga kwa jirani. Vua nguo yenye ilipata dawa, osha ngozi na maji na sabuni. Usimupe mutoto maziwa wala mafuta ya ngazi, usimutie kidole mu koo ili atapike. Ile haisaidie, na inaweza kuongeza ubaya. Kimbia ku hospitali na kopo ao foto ya etiketi. Kama uliweka vidonge mu nyumba, usirudie kuzitosha mwenyewe wakati harufu iko.

Mwisho, ndugu delege wenzangu: mu mukutano yenye kuja, andikeni hii mambo mu orodha, hata wenzenu wacheke. Na ninyi mu nyumba, kateni yale maswali, muyabandike nyuma ya mulango. Mutu wa dawa mwenye kujua kazi yake hatakasirika akiulizwa. Ule wetu, kisha swali ya saba, alisema: "Papa, kama watu wote wangeuliza hivi, sisi wenye kununua maski tungepata kazi."

Jirani wangu alianza tena kunisemesha. Siku watu wa dawa walirudia mara ya pili, ni yeye alisimama mulangoni na kuomba kuona kopo.